Muulize Mama wa Masjala: Karatasi zote hizi za ofisini ni za nani?

Mwezi huu barua zilizonifikia kuhusu makaratasi ya ofisini zimezidi za jambo lingine lolote, nami nimeamua kuzipa ukurasa wote. Nilifanya kazi masjala Tanga na baadaye Dodoma mpaka nikastaafu. Karatasi zimepita mikononi mwangu zikiwa hati, zikiwa nakala, zikiwa taka, na suala hili linanigusa. Barua nimezifupisha, majina nimeyahifadhi.

Shikamoo mama. Mimi ni karani wa masjala katika halmashauri moja mkoani Morogoro. Mkurugenzi ametoa agizo matumizi ya karatasi yapungue. Tumebandika matangazo kila ukuta, watu wameyasoma, na rimu zinaisha vilevile. Lawama zinaniangukia mimi kwa kuwa funguo za stoo ninazo mimi. Nianzie wapi? (Karani, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuyabandua hayo matangazo. Watafiti wawili wa Sweden, Johan Egebark na Mathias Ekström, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililofanyika katika chuo kikuu kimoja cha huko. Wafanyakazi walipotumiwa ujumbe wa kuwasihi wapunguze kuchapa, matumizi hayakubadilika. Printa zilipopangwa zitoe pande mbili bila mtu kuchagua, karatasi zilizotumika kwa siku zilishuka kwa asilimia 15 hivi. Ni watu wa aina ileile, na kazi zao ni zilezile.

Basi mwombe mtu wa TEHAMA apite kompyuta moja baada ya nyingine, afungue mipangilio ya printa, aweke pande mbili iwe ndiyo kawaida. Anayehitaji upande mmoja atachagua mwenyewe siku hiyo. Hilo ni la asubuhi moja na halihitaji fungu la bajeti.

La pili ni kujua kinachopotea, kwa sababu kila ofisi ina ugonjwa wake. Chukua boksi tupu la rimu, liweke pembeni ya printa, na kwa wiki moja kila karatasi inayotaka kutupwa iingie humo. Ijumaa jioni ulichambue. Utakuta kurasa za mwisho zenye mstari mmoja tu, zile za barua pepe zilizochapwa na mikia yake. Utakuta majedwali ya Excel ambayo safu moja imekatika ikaenda kulala kwenye ukurasa wake peke yake. Utakuta rasimu za barua ileile, moja imebadilishwa koma, nyingine tarehe, nyingine cheo cha anayeandikiwa. Na utakuta nakala safi kabisa ambazo aliyezichapa hakuja kuzichukua. Jedwali dawa yake ni kuliamuru litoshe upana wa ukurasa mmoja kabla ya kuchapa. Rasimu dawa yake ni mkubwa kusahihisha kwenye kompyuta, barua ichapwe ikiwa imekubaliwa. Nakala zisizochukuliwa, kama mashine yenu ni ile kubwa ya ofisi nzima, iwekwe namba ya siri: kazi haitoki mpaka mwenyewe asimame mbele ya mashine aandike namba yake. Utashangaa ni kazi ngapi hazitafuatwa.

Ila hayo yote ni madogo mbele ya makabrasha ya vikao. Tupige hesabu. Kikao cha wajumbe 25, kabrasha la kurasa 120, ni kurasa 3,000. Kwa upande mmoja ni rimu 6. Karatasi ya A4 ya kawaida huitwa ya gramu 80 kwa sababu mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito huo. A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5 na rimu ni kilo 2.5. Mhudumu wa ofisi, ambaye mara nyingi ni mama wa makamo, anapandisha ngazi kilo 15 za karatasi kwa ajili ya kikao cha asubuhi moja, na jioni anazikusanya mezani zikiwa hazijafunguliwa kupita ukurasa wa ajenda. Nimeliona hilo mara nyingi mno na bado linaniuma. Bunge letu pale Dodoma lilikwisha kuhamia kwenye vishikwambi. Kikao cha idara kinashindwaje? Tuma kabrasha mapema kwa njia ya kielektroniki, chapa ajenda na kurasa za maazimio tu, weka mezani makabrasha mawili kamili kwa atakayehitaji kupekua.

Kisha fanya jambo ambalo makarani wengi wanaliogopa: uliza. Tazama chini ya barua zenu, pale penye orodha ya "Nakala kwa". Chukua kila jina, umfuate mhusika kwa adabu umuulize nakala yake huiweka wapi na mara ya mwisho aliitafuta lini. Wengine watakuonyesha faili, na hao wana haki yao. Wengine watakuambia kwamba orodha waliikuta. Hao wa pili ndiko rimu zenu zinakokwenda. Aliyeagiza nakala hiyo alikwisha kuhamishwa au kustaafu, agizo limebaki, na kila karani mpya analirithi bila kuuliza. Peleka orodha hiyo kwa mkuu wa utawala kwa dokezo sabili fupi, yaani dokezo lisilofungwa ndani ya faili, ataje mwenyewe ni nani abaki na nani aondolewe. Uamuzi uwe wake, usiwe wako, ili lawama zisikurudie.

Na kama mnatumia e-Ofisi, ule mfumo wa serikali wa mafaili ya kielektroniki, angalia sana msije mkawa mnachapa kila dokezo lililomo ili mlitie folio, yaani namba ya ukurasa, kwenye faili la karatasi. Hapo mnaendesha masjala mbili kwa gharama ya zote mbili.

Onyo moja. Nazungumzia nakala za ziada na rasimu. Kumbukumbu zenyewe za ofisi ya umma huziteketezi kwa kuamua tu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataka kibali cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Punguza kinachozaliwa, kilichokwisha kuingia kwenye faili kina taratibu zake.

Mama, shikamoo. Nina miaka 24, nimeajiriwa kampuni binafsi Dar es Salaam. Bosi wangu ni mzee wa heshima sana lakini hasomi chochote kwenye kompyuta. Kila barua pepe nimchapie, kila ripoti nimchapie, akishasoma anaitupa. Nikimwambia ataniona nina kiburi. Nifanyeje? (Kijana wa Kinondoni)

Marahaba, baba. Usimwambie. Kwanza chunguza kwa nini hasomi kwenye kompyuta, na nadhani jibu liko machoni. Maandishi ya kioo yakiwa madogo, mtu aliyepita miaka 50 anaumia kichwa na haoni sababu ya kukutangazia. Siku moja, akiwa anatoka mezani, mwombe ruhusa umwekee kompyuta yake vizuri: kuza maandishi, punguza mwanga, kioo kikae mbali kidogo kwa usawa wa macho yake. Usitaje karatasi hata kidogo.

Ripoti ndefu muandalie muhtasari wa ukurasa mmoja, wenye herufi kubwa, na mwisho wake uandike: "Ripoti kamili ipo, nitaileta ukiihitaji." Wakubwa wengi wanahitaji uamuzi mmoja na takwimu tatu, kurasa nyingine 40 walikuwa wanapewa kwa sababu hakuna aliyewapunguzia. Atakapoihitaji kweli, mchapie yote bila kununa. Mtu anayesoma kwa kalamu mkononi, anayepigia mistari na kuandika pembeni, karatasi yake haijapotea. Nami nikisoma mkataba nausoma kwenye karatasi mpaka leo.

Mimi ni mhasibu Arusha. Kila hati ya malipo tunaichapa mara tatu pamoja na viambatisho vyote, tukiogopa wakaguzi na watu wa kodi. Je, sheria inatulazimisha? (Mhasibu, Arusha)

Ndugu yangu, hofu ya mkaguzi imeteketeza karatasi nyingi kuliko mkaguzi mwenyewe alivyowahi kuomba. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Uzitunze, zisomeke, zipatikane ukiulizwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, inasema taarifa haikataliwi nguvu ya kisheria kwa sababu tu ipo katika umbo la kielektroniki, na inaitambua sahihi ya kielektroniki mradi njia iliyotumika inamtambulisha aliyesaini na inaaminika. Picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye waraka na mtu yeyote mwenye kompyuta haina uzito huo, kwa hiyo msijifariji nayo.

Mwandikie mkaguzi wenu wa nje barua kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa, mkamuulize anakubali nini kwa umbo la kielektroniki na anataka nini kwa karatasi. Jibu lake litunzeni. Mkishalipata, nakala ya pili na ya tatu zitaanza kujieleza zenyewe au zitatoweka.

Lakini kuna mahali nakutaka uwe mkali kuliko ulivyo sasa, nako ni risiti za mashine za EFD, zile za kodi. Zile zimechapwa kwenye karatasi inayoshika rangi kwa joto; haina wino. Ikikaa kwenye gari linalopigwa na jua, au dirishani, inageuka kijivu au inafutika, na ile mifuko ya plastiki mnayozihifadhia inaharakisha kuzifuta. Mwaka wa tatu unafungua faili unakuta vipande vyeupe. Zipige skani au picha iliyo wazi siku zinapoingia, uiite kwa tarehe na namba ya risiti. Kama hamna skana, toeni kopi kwenye karatasi ya kawaida. Hiyo ndiyo kopi yenye kazi. Na risiti hizo zikishatoka kwenye matumizi msizichanganye na karatasi za kuuzia viwanda vya kurejeleza, kwa sababu dawa iliyopakwa juu yake inaharibu mzigo wote.

Hati ya ardhi, wosia, mkataba wenye mihuri: nakala zake halisi msiziguse.

Assalam aleikum, bibi. Ofisi yetu ipo Mji Mkongwe, Unguja. Printa inavuta karatasi mbili kwa pamoja, inakunja, inachana. Tukitumia upande wa nyuma wa karatasi zilizotumika ndiyo balaa zaidi. (Msomaji, Unguja)

Waaleikum salaam. Mzizi wa tatizo ni unyevu wa bahari, hata printa ikiwa nzima. Karatasi inakunywa maji kutoka hewani, inajikunja kingo na kushikana. Rimu isifunguliwe mpaka itakapohitajika. Ikifunguliwa, zinazobaki zifungwe ndani ya lile gamba lake, na si kuachwa wazi juu ya kabati. Maboksi yasikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa chokaa. Yawekwe juu ya mbao. Kabla ya kupakia, ipepete rimu kwa vidole pande zote hewa iingie, na tazama mshale kwenye gamba: unaonyesha upande wa kuchapwa kwanza. Trei isijazwe pomoni.

Karatasi iliyopita kwenye printa ya leza imepigwa joto na tayari imejipinda, ndiyo maana upande wa nyuma unasumbua. Usiirudishe kwenye mashine kubwa. Itoe pini, zikate nusu, zishone daftari za kuandikia ujumbe wa simu na orodha za stoo. Kama ni lazima kuichapa, iwe kwenye printa ndogo ya peke yake, na karatasi iwe imelala chini ya kitu kizito usiku mzima, isiwe na tundu la pini wala kona iliyokunjwa. Na kabla ya hapo isome: usimpe mgeni ramani ya kufika ofisini huku nyuma yake kuna orodha ya mishahara.

Habari mama. Niko Nairobi, ofisi ya mawakili. Tunakusanya karatasi magunia kwa magunia, wanunuzi wakija wanatupatia bei ya chini sana ama wanakataa. Shida ni nini? (Msaidizi, Nairobi)

Nzuri, mwanangu. Shida ni mchanganyiko. Karatasi nyeupe ya ofisini, kavu na safi, ndiyo inayotafutwa, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kusafishwa. Ukiichanganya na vikombe vya kahawa, tishu zilizotumika, karatasi za risiti, vibandiko na bahasha zenye dirisha la plastiki, mnunuzi analipia gunia zima kama takataka mseto. Wekeni maboksi mawili: nyeupe peke yake, na nyingine zote. Yakae mahali pakavu. Kwenu Nairobi vipo viwanda vinavyotengeneza tishu kutokana na karatasi zilizotumika, Chandaria Industries kikiwa kinachojulikana zaidi, na wapo wanaotengeneza trei za mayai, ambao hawachagui sana. Uzi wa karatasi unaweza kurejelezwa mara tano hadi saba kabla haujawa mfupi mno, kwa hiyo kuanza na karatasi nzuri kuna maana kubwa.

Mashine ya kuchana karatasi nayo itumieni kwa kiasi. Inazikata nyuzi zikawa fupi na bei inashuka. Nyaraka za wateja lazima zichanwe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwapi nafasi ya kubahatisha, lakini rasimu tupu na mabango ya semina hayana siri yoyote. Na tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi zinapokea hati kwa mtandao. Kaeni na mawakili wenu muulizane ni seti ngapi bado zinachapwa kwa mazoea ya zamani.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu Kigoma. Shuleni kwetu mitihani ya zamani na karatasi za ofisi huuzwa kwa kilo kwa akina mama wauza karanga na vitumbua. Pesa inasaidia chaki. Mwenzangu anasema ni vibaya, mimi naona ni kurejeleza. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Kigoma)

Marahaba, mwalimu. Mwenzako yuko sahihi, nawe nia yako ni njema, na ndiyo maana nimekujibu kwa urefu.

Niliwahi kununua karanga stendi, nikafungua pakiti nikakuta hati ya mshahara ya mtu. Jina kamili, namba ya hundi ya mshahara, makato ya mkopo wa benki, kilichobaki mkononi mwisho wa mwezi. Mtu yule alikuwa mtumishi wa umma ambaye sijawahi kumwona, na mimi nimekaa kwenye benchi la stendi nikijua kwamba mshahara wake unaliwa na madeni karibu wote. Ofisi iliyoiuza karatasi ile iliona imepata shilingi chache na imepunguza taka. Sasa fikiria mtoto wa darasa la sita ambaye karatasi yake yenye jina na alama 9 kati ya 50 imefungiwa kitumbua, na aliyekinunua ni mwanafunzi mwenzake. Watoto hudhalilishana kwa madogo kuliko hayo.

Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na shule inashika taarifa nyingi nyeti kuliko watu wanavyodhani: maendeleo ya mtoto, afya yake, hali ya wazazi, nani kafiwa na nani analelewa na bibi. Mzazi aliyewaeleza hayo ofisini hakukubali yasomwe sokoni.

Kuna na afya. Wino wa printa na wa fotokopi haukutengenezwa uguse chakula, na kitumbua kinatoka kikaangoni kikiwa cha moto na kina mafuta, mambo mawili yanayosaidia wino uhamie kwenye chakula. Ongeza vumbi la stoo na mikojo ya panya ambayo mimi na wewe tunaifahamu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mitihani ya darasani ikishasahihishwa irudi kwa watoto wenyewe, waende nayo nyumbani wazazi waione. Rejista, orodha za matokeo na mafaili ya wanafunzi na walimu ni kumbukumbu za umma. Ulizeni kwa afisa elimu utaratibu wa kuziondosha. Rasimu na nakala zilizoharibika zisizo na jina la mtu kateni madaftari ya mazoezi ya hesabu, upande wa nyuma ni mweupe na watoto wengine hawana hata karatasi ya kufanyia majaribio. Zenye majina zichaneni vipande vidogo, mzitie kwenye shimo la mboji la bustani ya shule zikiwa zimelowekwa na kuchanganywa na majani mabichi na samadi. Karatasi ya kawaida inaoza vizuri, ile inayong'aa msiitie.

Kisha mpunguze mtihani wenyewe. Mtihani wa kurasa nne kwa wanafunzi 200 ni kurasa 800, zaidi ya rimu moja na nusu kwa somo moja. Ukipangwa vizuri mbele na nyuma unahitaji karatasi 400. Jaribio la wiki liandikwe ubaoni. Pesa mtakayookoa kwenye rimu itanunua chaki nyingi kuliko kilo za karatasi kuukuu.

Waliobaki ni hao akina mama, na wasiachwe ghafla, maana wanawategemea. Nenda mwenyewe uwaeleze sababu halisi, kwamba karatasi hizo zina majina ya watoto, na wengine kati yao ni wazazi wa watoto haohao. Waelekeze kwenye mifuko ya kaki isiyochapwa kitu, ambayo imezagaa madukani tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019. Wakiinunua kwa pamoja kwa bunda, bei ya kila mmoja inashuka, na mzazi mmoja mwenye duka la jumla anaweza kuwaagizia. Anza na yule anayeuza karibu na geti la shule, wengine watauliza wenyewe.